Meza ya Tata Kisimba

Nyumbani kwa Mwalimu Mwenze, pale Kolwezi, hakuna mtu aliyekula bukari kwa mkono. Usicheke kwanza. Bukari ni ugali, ule ule wa mahindi unaofinyangwa kwa vidole kila mahali, lakini kwao ulikatwa kwa kisu na kuchomwa kwa uma, juu ya meza yenye kitambaa cheupe, kila mtu mgongo wima, viwiko vimebanwa ubavuni. Mwenye amri hiyo alikuwa baba yake Mwenze, au tata kama wasemavyo huko, mzee Kisimba, karani mstaafu wa kampuni ya shaba. Aliitoa zamani, Wabelgiji wangali wanatawala. Wabelgiji wakaenda zao, nchi ikageuzwa jina ikaitwa Zaïre, na mto wake mkuu nao ukapewa jina hilo hilo, lakini uma na visu vikabaki mezani pale pale.

Mwenze alifundisha historia na fasihi katika sekondari moja mjini. Darasani alivaa abakosti, koti lisilovaliwa na tai, kama walimu wenzake, akaitwa sitwayeni, yaani mwananchi, kama serikali ilivyoagiza, akawaeleza wanafunzi jinsi mkoloni alivyomfundisha mtu mweusi kujidharau. Kengele ya mchana ikilia alirudi nyumbani, akaketi, akatandaza kitambaa mapajani, akashika uma. Ee, mwalimu wetu! Alijiona mwenyewe, na siku nyingine alijicheka.

Jambo ambalo hakuweza kulicheka ni jina la binti yake. Binti huyo, mwembamba, mwenye maneno mengi, alikuwa ameingia darasa la kwanza la sekondari ile ile ya baba yake, na aliitwa Ndaya. Mwenze alimpa jina la mama yake mzee Kisimba. Na kwa watu wao, Waluba waliotoka kaskazini, mtoto aliyerithi jina la mama yako ni mama yako. Humgombezi. Humtumi maji. Unamwita "mama", naye anakuita "mwanangu", anakusuta mbele za watu kwamba utotoni ulikuwa kikojozi, nawe unacheka na kumtafutia karanga. Jirani yao Muamba, mwanamume wa kuogopwa huko mgodini, alikuwa akiamrishwa na kibinti chake chenye jina la mama yake, kisichomfika hata kiunoni, tena akiona raha. Lakini mzee Kisimba? Aa wapi! Yeye alimwita mjukuu wake Agnès, jina la ubatizo, hata baada ya serikali kuyapiga marufuku majina ya Kizungu na watu wote mtaani kuanza kuyanong'ona. "Agnès, leta maji. Agnès, viwiko." Jina la Ndaya halikuwahi kutoka kinywani mwake.

Mzee alikuwa ameanza kukohoa, kikohozi kirefu cha asubuhi, na Mwenze alikuwa na haja moja tu kwake. Kabla hajafa, amwite mtoto yule Ndaya. Amwite mama.

Maana Mwenze alimkumbuka Ndaya wa kwanza. Aliishi nao katika kambi ya wafanyakazi, akila juu ya mkeka karibu na mlango wa jiko, kwa mkono, wajukuu wamemzunguka, kila mmoja akipewa tonge lake. Halafu Kisimba akaitaka ile kadi. Siku hizo Mwafrika aliyetaka kuhesabiwa kuwa mstaarabu aliomba kadi kwa serikali ya Wazungu, na kabla hajapewa, kamisheni ilikuja nyumbani kwake kumpima. Walifunua sufuria. Walichungulia chini ya vitanda, wakanusa choo, wakamwuliza mke kama anakula meza moja na mumewe. Kisimba alijitahidi kumketisha mama yake mezani. Mama alitazama uma, akajikuna nayo kichwani, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Watoto nao wakacheka. Kisimba hakucheka.

Kamisheni ilipokaribia, alimpeleka stesheni, akampandisha treni ya Lubudi, akakae kwa binti yake. Mwenze alikuwepo, ameshika kikapu. Alimsikia baba yake akisema dirishani, "Enda kwanza, mama. Bakishakwenda nitakuya kukuleta." Wazungu wakaja, wakasema watarudi tena bila kutoa taarifa. Kisimba akangoja. Wakarudi, wakapata kasoro, wakasema watarudi. Kisimba akangoja tena. Huko Lubudi yule mama alikuwa anakwenda stesheni kila treni ya Kolwezi ilipoingia, akitazama wanaoshuka, hadi mvua zilipokuja na homa ya mapafu ikamchukua. Habari ililetwa na fundi wa reli, amekwisha kuzikwa. Kadi ikatoka baadaye. Tangu hapo mzee hakulitaja jambo hilo, na Mwenze aliyasikia ya stesheni ya Lubudi kwa shangazi yake wa huko tu. Kwa hiyo aliamini kwamba baba yake hakuwa na majuto yoyote. Aliamini kwamba mzee aliwapenda Wazungu kuliko mama yake, basi, na kwamba Agnès ni ushahidi.

Mwaka huo darasani mambo yalikuwa magumu. Mwenze aliandika ukoloni ubaoni, tarehe na mikataba, wanafunzi wakanakili, wakasahau. Vitabu vya fasihi vilivyokuwa kabatini vilijaa theluji na mashamba ya zabibu. Siku moja Kazadi, kijana mwenye ulimi usiotulia, akainua mkono.

"Sitwayeni, bazungu si balikwenda? Sasa tunabasoma juu ya nini?"

Darasa zima likacheka. Mwenze hakukasirika, swali lilimpendeza. Akawaambia, rudini nyumbani, tazameni walichoacha, kesho mniambie kwa mdomo. Kesho yake wakaja na majibu. Mmoja alisema ni sala. Mwingine alisema bibi yake mpaka leo anajificha motokari ikisimama mlangoni. Msichana mmoja alisema mama yake humpiga kofi akizungumza Kiluba mbele ya wageni. Ikafika zamu ya Ndaya, akasimama, akasema, "Uma." Wakacheka hata Kazadi akaanguka kutoka kwenye benchi. Mwenze naye alicheka, na palepale likamjia wazo la mchezo.

Akauandika mwenyewe, kwa Kiswahili, ili wazazi wausikie bila mkalimani. Kulikuwa na karani anayetaka kadi, Mzungu wa kamisheni, na mama wa karani. Alipoeleza jinsi kamisheni ilivyofanya kazi, wanafunzi walisikiliza vinywa wazi, kwa maana hakuna aliyewahi kuambiwa nyumbani. Wakaanza kuuliza maswali ambayo hayakuwamo kwenye programu. Kwa nini karani hakukataa? Angekataa, watoto wake wangesoma wapi? Mwenze aliona fahari. Aliona kwamba hatimaye anafundisha.

Kazadi alipewa sehemu ya Mzungu, na aliifurahia kupita kiasi. Ndaya alipewa mama. Hakujua kwamba anamwigiza mwenye jina lake. Mwenze hakumwambia, wala yeye wala wenzake. Katika mazoezi ya onyesho la mwisho, pale mama anapobebeshwa furushi na kuambiwa aende, Ndaya alisimama katikati ya njia.

"Tata, huyu mama hapana geuka? Mi ningegeuka."

"Usigeuke. Hata wakikuita, usigeuke. Enda moja kwa moja mpaka nje ya lango. Nataka watu basikie uchungu."

Wakarudia, na kurudia, mpaka akazoea.

Mke wa Mwenze, Mado, alijua kila kitu. Siku Mwenze alipomwambia kwamba amekwisha kumwalika mzee, tena akae benchi la mbele, Mado aliacha kusonga bukari, mwiko mkononi.

"Unataka kufundisha batoto, ao unataka kumupiga tata yako mbele ya bantu?"

"Nataka aseme, Mado. Mara moja tu aseme."

"Na weye, masomo ulisomea wapi? Si ku bazungu? Wangekukubali bila ile kadi? Mama yake alikwenda Lubudi, weye ukaingia masomo, ukakuwa mwalimu. Sasa unamuchekea mzee."

Mwenze alikasirika. Alitoka nje, akatembea hadi barabara ya kambi, akarudi chakula kimepoa. Hakubadilisha neno hata moja katika mchezo wake.

Siku yenyewe ilikuwa mwisho wa mwaka wa shule, jua kali la kiangazi na vumbi jekundu juu ya kila kitu. Wazazi walijaa kwenye mabenchi uani. Kwanza ziliimbwa nyimbo za Chama, watu wakapiga makofi yanayopaswa. Mzee Kisimba alifika mapema, koti lake la zamani limepigwa brashi, viatu vinang'aa. Tai hakuvaa, maana tai zilikuwa zimekatazwa, lakini aliikunja mfukoni kama alivyofanya kila alipotoka. Alisalimia kwa kuinamisha kichwa, akaketi mbele, mikono juu ya fimbo.

Mchezo ukaanza. Kazadi aliingia amejipaka unga wa muhogo usoni, tumbo la mto ndani ya shati, akanusa huku, akanusa kule, akafunua sufuria na kuruka nyuma kama aliyeumwa na nyoka. Mama yangu, watu walivyocheka! Wazee waliopita katika mambo yale walifuta machozi, wakapigana mabega, wakasema, "Njo vile! Njo vile kabisa!" Mzee Kisimba hakucheka. Mwenze, aliyesimama pembeni, alikuwa hautazami mchezo, alikuwa anamtazama baba yake, na moyo wake ulifurahi kwa furaha mbaya. Sasa unaona, alisema moyoni. Sasa na wewe unapimwa.

Likafika onyesho la mwisho. Ndaya alikaa juu ya mkeka, kanga ya Mado imemzunguka hadi chini, miguu ameinyosha, anakula kwa mkono. Mvulana aliyeigiza karani akamwinua, akamtwisha furushi kichwani. "Enda kwanza, mama. Bakishakwenda nitakuya kukuleta." Ndaya akaanza kutembea taratibu kati ya mabenchi kuelekea langoni.

Fimbo ikaanguka. Mzee Kisimba alikuwa amesimama.

"Mama," alisema.

Hakuna aliyeelewa. Alisema tena, kwa sauti ambayo Mwenze hakuwahi kuisikia, sauti ya mtoto. "Mama Ndaya! Rudia! Mama, rudia kwetu!"

Watu wakageuka, wakamwona mzee wa koti amenyosha mkono, wakadhani ni sehemu ya mchezo. Wakaanza kushangilia. "Eee, hata mzee anajua kucheza!" Makofi yakaanza nyuma, yakaja mbele. Ndaya alimsikia babu yake. Mwenze aliona mabega yake yakishtuka, mguu ukisita vumbini. Kisha akaendelea. Aliambiwa asigeuke hata akiitwa, naye alikuwa mwanafunzi mwema.

Ilimpasa Mwenze kusema neno moja. Geuka! Lilikuwa kooni. Miaka yote ile alitaka kusikia baba yake akilitamka jina lile, sasa analisikia, analililia uani mbele ya wanafunzi wake, na yeye amesimama mdomo wazi, hakuna kinachotoka. Ndaya akatoka langoni. Makofi yakalipuka. Mkuu wa shule akamshika Mwenze mkono, akautikisa, akamwambia kwa Kifaransa kwamba hajapata kuona somo kama hilo. Nyuma yake mzee alikuwa bado amesimama vile vile.

Ndaya alirudi mbio, kanga mkononi, uso umechangamka. "Tata, uliona? Mi sikugeuka!"

Mwenze alimwambia siku ile ile, walipofika nyumbani, wamekaa kwenye kizingiti. Alimwambia mama yule alikuwa nani, treni ilikwenda wapi. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho, na machozi yakaanza kumtoka kabla hajasema.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Nilikuwa mjinga, Ndaya."

"Mi ningegeuka, tata. Nilikuambia mi ningegeuka."

Alikwenda mlangoni kwa babu yake, akabisha. Mzee alimtazama kwa upole, akasema amechoka. Tangu siku hiyo hakumwita Agnès tena. Hakumwita Ndaya pia. Hakumwita chochote. Alikuja mezani, akaketi mgongo wima, akatandaza kitambaa, na uma ikabaki imelala pembeni mwa sahani. Mwenze alijaribu kuzungumza naye, alianza, "Tata, nisamehe," na mzee akainua mkono kama anayefukuza nzi. "Uliandika muzuri," alisema. "Ilikuwa vile." Afadhali angemtukana. Mwenze aliingia chumbani, akalia, mtu mzima.

Mvua za kwanza zilimkuta mzee kitandani. Kifua kiliziba, maneno yakaanza kuchanganyika, na chakula hakikupita. Mchana mmoja walikuja watu wa kanisa, wakaimba, wakaomba, wakaondoka kwa haraka mawingu yalipofunga. Mwenze alibaki ameketi karibu na kitanda. Nje, Ndaya alikimbilia nguo kwenye kamba, akazifunga pamoja ndani ya kanga ya mama yake, akaingia amelowa, furushi kichwani.

Mzee alifumbua macho. Alimtazama pale mlangoni.

"Balikwenda?" aliuliza.

Mwenze alidhani anauliza watu wa kanisa. Alikuwa anafungua kinywa aseme ndiyo, wamekwenda, wamekusalimu. Ndaya alishusha furushi polepole. Alielewa kabla ya baba yake. Akasogea, akashika ule mkono mkavu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akamwita kama jina lake lilivyomruhusu.

"Balikwenda, mwanangu. Balikwenda bote."

Mzee alishusha pumzi. "Basi tandika mukeka, mama. Mi niko na njala."

Mado alikuwa amesikia kutoka jikoni, na maji yalikuwa tayari juu ya mbabula, lile jiko la makaa. Alisonga huku akilia. Walimshusha sakafuni, Mwenze akimshika mgongo, Ndaya akiwa amekaa mbele yake, miguu ameinyosha. Mzee alinyosha mkono kwenye bukari. Vidole havikusahau. Vilimega, vikafinyanga, dole gumba likabonyeza shimo la mchuzi. Alikula tonge moja. Kisha akafanya la pili, akampa Ndaya, naye akalipokea kwa mdomo. Hakula zaidi. Hakufika mwisho wa juma hilo.

Walimzika, wakakaa matanga, majirani wakaja na kuni na unga. Mwenze aliona vizuri kwamba msamaha alioupata baba yake ulitoka kwa mtoto, na kwamba yeye mwenyewe hakuupata, kwa sababu aliyeweza kumpa alikuwa amekwisha kwenda. Hakumwambia mtu.

Matanga yalipokwisha na mabenchi ya kuazima yaliporudishwa, Mado aliandaa chakula cha wao watatu. Ndaya alikuja akasimama karibu na baba yake.

"Tata, ile siku nilimwambia kama bazungu balikwenda bote. Nilisema bongo, ao kweli?"

Mwenze alitazama meza. Mado, kwa mazoea ya mikono, alikuwa ametandika kitambaa cheupe, akapanga uma kushoto, visu kulia, na mahali pa mzee pia. Mwalimu wa historia alitafuta jibu, akalitafuta kweli kweli, mtoto amesimama anangoja.

"Mi sijui, Ndaya," alisema. Akavuta kiti, akaketi, na mkono wake ukaenda wenyewe kwenye uma.